Kitenge cha Kwaya Kilivyobaki Ugogo

Tangu nirudi, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nilifika salama. Kila ninayekutana naye, Chemchem, Gongoni, hata mlangoni mwa kanisa, swali ni lile lile: Mama Kulwa, kitenge cha kwaya kiko wapi? Nimeimba Jumapili chungu nzima nimevaa maua mekundu katikati yenu wenye bluu, na mwenyekiti ananitazama kama mbuzi aliyeingia shamba la mtu. Basi nimekaa chini niandike mara moja. Mkimaliza kusoma mpeane, mniache nipumzike. Kitenge sikukiuza. Kimezuiliwa Ugogo, na aliyekizuia ana haki.

Kwetu Ntalikwa mpaka stesheni ya Tabora

Mvua ya msimu huu mnaijua wenyewe. Ilikuja na ngurumo nyingi, tukapanda mahindi, ikaondoka bila kuaga. Mahindi yakakauka yakiwa na urefu wa kidole. Ikarudi, tukapanda mbegu iliyobaki, ikaondoka tena. Zamani mvua ya kwetu ikishaingia ilikaa mpaka tukaichoka. Siku hizi inapita kusalimia tu, na huo ulikuwa msimu wa pili wa namna hiyo. Baba Kulwa alisimama ukingoni mwa shamba kila asubuhi akiangalia mawingu yakipita kwenda kwa watu wengine. Siku moja akasema tuliache shamba, na wajukuu wetu wawili tuwapeleke kwa mama yao, Doto, huko Kahama, kwenye chumba kimoja anachokaa na mumewe.

Mimi wajukuu wale nimewalea tangu hawajaota meno. Sikulala.

Ndipo nikamkumbuka Mama Mbeleje. Wa zamani mnamkumbuka: yule Mgogo aliyekuwa jirani yangu tulipokaa mjini, Chemchem, wakati mumewe anafanya kazi reli, kabla hajastaafu wakarudi kwao. Nyuma ya nyumba yao alikuwa analima uwele kila mwaka, na kila mwaka mimi nilisimama uani namcheka. Nilimwambia, "Mtani, hicho ni chakula cha ndege. Watu wanakula mahindi." Yeye alinijibu bila kuinua mgongo, "Endelea kucheka. Jua litakufundisha."

Jua lilikuwa limefundisha. Uwele hauhitaji mvua nyingi na haukawii shambani. Ilikuwa mwezi wa kwanza. Kama ningepata mbegu upesi, mvua iliyobaki ingetosha, na wajukuu wangebaki. Nikampigia Mama Mbeleje, simu haipatikani. Nikapiga tena na tena, mpaka nikaamua kwenda mwenyewe.

Baba Kulwa alinisindikiza hadi kwenye bodaboda, lakini kwa mdomo umevutwa. "Mke wangu unakwenda kuomba chakula cha ndege," alisema. "Siku nikila uwele, mnizike huko huko Ugogo."

"Nitakuulizia kiwanja," nikamjibu, nikapanda pikipiki. Nilikuwa nimevaa kitenge cha kwaya kwa sababu ndicho kizuri nilichonacho, na mtu haendi kuomba akiwa amevaa matambara.

Stesheni mpaka Tura

Kwa vijana wa kwaya mliozaliwa juzi, niwaeleze jambo moja, maana bila hilo mtaona shangazi yenu alichanganyikiwa. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, na njia ilipita Ugogo. Wagogo wakawa wanawazuia na kuwatoza hongo, kwa maji na kwa ruhusa ya kupita. Waligombana mpaka wakachoka kugombana, wakawa watani. Hadi leo Mgogo akinipokonya chakula mdomoni sina la kusema, na mimi nikimtukana hana la kusema. Hata kwenye msiba, mtani anafanya mambo ambayo mtu mwingine angepigwa akiyafanya.

Sasa, ndani ya behewa alikaa mbele yangu bwana mmoja wa makamo, ametulia, amepakata zeze. Zeze kubwa la nyuzi, lile la Wagogo. Nikafurahi kama niliyekutana na ndugu.

"Mgogo," nikamwambia, "tangu lini mnapanda treni? Si mlizoea kutungojea njiani?"

Akainua macho. "Bwana asifiwe, mama."

"Asifiwe. Lakini hongo yangu iko wapi?"

Alikuwa na bakuli la plastiki mapajani, lenye kuku wa kukaanga. Nikafunua kifuniko, nikachukua paja. Akaliangalia paja, akaniangalia mimi, akafunika bakuli taratibu. Nikafunua tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, una mtu unayesafiri naye?" Nikaona huyu ni mtani hodari, anajibu kwa upole ili nizidi kuchokoza. Nikazidi. Mpaka tunafika Goweko nilikuwa nimemaliza mapaja yote mawili, na nimemwambia kwamba babu yake alimpokonya babu yangu kaniki, na kwamba kwao hata kuku hula mlenda. Yeye alifumba macho, midomo inacheza. Nikadhani usingizi.

Tulipokaribia Tura akafumbua macho. "Mama," alisema, "mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Ni mchungaji. Nimehamishiwa Ugogo majuzi, na zeze hili nimepewa zawadi kwenye semina. Kuku alinifungia mke wangu."

Nikaomba radhi kwa Kiswahili chote ninachokijua, nikafungua kifurushi changu nikampa viazi vitamu. Akavisogeza kwangu kwa ncha ya kidole. "Hapana, mama, wewe kula tu. Mimi nakuombea." Halafu akahamia behewa lingine.

Tura mpaka Manyoni

Tura treni ilisimama ikakaa. Habari zikatufikia kwa vipande: mbele kidogo maji yamesomba kokoto chini ya reli, mafundi wamekwenda. Nilishuka nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga za kuchemsha imekuwaje, maana majani ya pale pale stesheni yalikuwa makavu.

"Kwetu hapa haijanyesha," alisema. "Imenyesha huko mbele. Imejimwaga yote adhuhuri moja, imebomoa reli, imekwenda zake. Mvua za sasa hazijui kugawa, mama. Nikuongeze karanga?"

Kutoka Tura kwenda mbele ndiko kwenye ile nyika ambayo wapagazi wa zamani waliiita Mgunda Mkali, shamba kali. Walikuwa wanaivuka na mizigo kichwani bila kujua maji watayapata wapi. Mimi nilikuwa nimeketi kivulini na karanga, na bado moyo ulikuwa unanidunda. Kila nilipotazama magharibi niliona mawingu juu ya upande wa kwetu, nikajua ardhi yangu inalowa bila mbegu ndani. Niseme kweli: pale Tura nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi.

Mhudumu wa behewa akaja na kikombe cha maji. Akachutama mbele yangu, akasema taratibu sana, "Pole, mama. Utafika tu. Njoo ulale, tumekutengea kiti kizima." Watu wawili walikuwa wameshaondolewa kwenye kiti kile. Nikashangaa ukarimu huo, nikalala, nikafunikwa koti. Nilipoamka treni inatembea, ndipo dada wa kiti cha jirani akaninong'oneza: mchungaji aliwaambia kwamba yule mama mwenye kitenge cha bluu ana tatizo kichwani na asibughudhiwe. Kwa hiyo nilivuka Mgunda Mkali nimelala chali kama chifu, kwa heshima ya wazimu.

Manyoni mpaka mezani kwa mtani

Manyoni nililala stesheni, asubuhi nikachukua bodaboda, tukateremka ukingo ule wa Kilimatinde kwenda chini kwenye tambarare. Kijiji cha Mama Mbeleje ni kikavu, nyumba za tembe zimeachana mbali mbali, na karibu watu wote ni wa ukoo mmoja. Nilikuwa nimepanga la kusema. Ningeingia kwa matusi, tucheke, tule, halafu niombe mbegu.

Nilipofika uani kwake nikakuta turubai, akina mama wamekaa mikekani, wanaume wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Mbele yao, Biblia mkononi, alikuwa mchungaji wangu wa kuku. Aliponiona alisimama pale pale kama amekanyaga mwiba.

Mama Mbeleje alinikimbilia akanikumbatia, tukalia wote wawili. "Mbukwa, mtani," alinisalimu kwa Kigogo katikati ya kwikwi. "Umejuaje?"

Sikujua lolote. Aliyefariki alikuwa baba mkwe wake, Mzee Chilewa, aliyeishi mpaka rika lake lote likamtangulia. Simu zote za nyumbani zilikuwa zimezimika kwa kupigiwa ndugu. Sasa niambieni, ningefungua mdomo nikasema nimekuja kuomba mbegu? Nikasema nimeota.

Jioni wakaleta ugali wa uwele, wa kijivu, unang'aa, na mlenda wa kukausha wenye karanga. Wageni wote waligeuka kunitazama, maana Mama Mbeleje alikuwa ameshawasimulia maneno yangu ya Chemchem. Nikamega tonge, nikachovya, nikameza. Sijala kitu kitamu hivyo tangu mwaka jana, na sijui kama ni utamu au ni njaa ya hofu.

"Haya, mtani," akaniuliza mbele ya watu, "chakula cha ndege kikoje?"

"Ndege wana akili," nikasema. Msiba mzima ukacheka, isipokuwa mchungaji.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza Mama Mbeleje kwa mbali kama mbegu ya uwele bado ipo. Akaninyooshea kihenge kikubwa pembeni ya jiko, chenye paa la nyasi. "Mbegu yote ya ukoo imo humo," alisema. "Mzee alikuwa anachagua masuke mwenyewe, hamwachii mtu. Ila kwetu mwenye kihenge akifa, hakuna mtu wa nyumba hii anayekigusa mpaka siku ya kumaliza tanga, mrithi akabidhiwe jembe lake. Wanawe, wake zao, wajukuu, hakuna. Hata jirani hagusi, maana jirani naye ni wa ukoo." Akanitazama. Nikadhani ananinyima kwa adabu. Nikaenda kulala nikiwa nimeshawaona wajukuu wangu wamepanda basi la Kahama.

Jikoni mpaka kihengeni, safari fupi kuliko zote

Alfajiri mvua ilinyesha Ugogo. Mvua nzuri, ya kwanza ya kufaa kwao msimu ule, ikalowesha mpaka chini. Ilipokatika, watu wote walitoka uani, lakini hakuna aliyeshangilia. Waliangalia mashamba, wakaangalia kihenge, wakaangalia chini. Baba Mbeleje, mwana wa marehemu, alikaa juu ya kinu, mikono kichwani.

"Zamani," alisema kama anaongea na kinu, "mvua ilikuwa inangojea watu waomboleze."

Mama Mbeleje akanigeukia mimi. "Mtani, mbona umekaa kama mkwe? Tangu jana hujaiba kitu. Au Wanyamwezi siku hizi hamji misibani na mikono?"

Nikaona aibu, maana ni kweli. Mtani akija msibani anaiba, anakula vya marehemu, anawachekesha wafiwa. Ndiyo kazi yake. Nikainuka. Nikamkamata jogoo, nikatangaza kwamba marehemu aliniahidi. Wakacheka, lakini kicheko cha kuazima. "Ni huyo tu?" akauliza Mama Mbeleje. Nikamwacha jogoo kwa wapishi, nikaingia jikoni nikaiba mwiko. Wakaguna. Nikavaa kofia ya marehemu, nikakalia kigoda chake, nikaanza kuwagombeza wanawe kama yeye. Hapo bibi mmoja alicheka mpaka akafuta machozi, lakini Baba Mbeleje alitikisa kichwa akasema, "Huyu hajui kuiba."

Mimi niliudhika. Nimesafiri, nimelala stesheni, nimeitwa mwendawazimu, na sasa nakosolewa wizi.

Mama Mbeleje alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na ngazi. Akaiegemeza kwenye kihenge. "Ngazi hii inaniziba njia," alisema, ingawa pale hapakuwa na njia. Akakaa chini, akajipangusa mikono. "Ningekuwa mimi kwenye msiba wa Mnyamwezi, ningeiba kitu chenye uzito. Si mwiko."

Nikaiangalia ngazi. Nikamwangalia yeye. Nikawaangalia wale watu wote, wanaume kwa wanawake, kila mmoja anatazama kwingine kama wanafunzi wanaojua jibu na wamekatazwa kulisema. Ndipo kichwa changu kizito kilipofunguka. Mwiko wa msiba ulikuwa umewafunga wote wenye damu ya marehemu, na mvua ilikuwa inakaukia ardhini. Aliyekuwa hajafungwa na mwiko ule, na mwenye ruhusa ya kuiba, alikuwa mtu mmoja tu kijijini, naye alikuwa amevaa kofia ya mzee anapigia watu kelele.

Mimi niliyekuja kuomba, kumbe nilikuwa nangojewa niibe.

Nikapanda. Ngazi ililalamika kwa kila hatua, maana mnanijua mwili wangu. Nikasukuma paa la nyasi pembeni, nikainama ndani. Masuke yalikuwa yamepangwa kwa utulivu, marefu, magumu, yamepakwa majivu. Harufu ya moshi na vumbi tamu. Nikanyoosha mkono, hayafikiki. Nikajivuta zaidi, na hapo nikateleza: kichwa na mikono ndani, miguu nje, kitenge cha kwaya kimenasa kwenye mti wa kihenge.

Nikasikia sauti ya mchungaji ikipasua uwanja. "Mshikeni huyo mama! Kwa jina la Yesu, shuka! Nilijua tangu kwenye treni!"

"Mchungaji," sauti ya Baba Mbeleje ikamjibu, imetulia, "mwache mtani afanye kazi yake."

Nikaanza kurusha masuke nje. Lililotokea huko chini nililiona kwa upande wa kwapa langu, na sitalisahau. Wanawake wote waliinuka wakapiga kelele, "Mwizi! Mwizi! Mnyamwezi anatumaliza!" Huku wanapiga kelele wamekinga kanga. Wengine walikinga sufuria. Bibi yule wa machozi alikinga beseni, akawa ananitukana kwa Kigogo na kunionyesha kwa kidole upande ambao bado hajapata. Kila niliporusha, kelele za mwizi zilizidi na kanga zilisogea karibu. Niliiba mpaka mikono ikafa ganzi.

Kushuka kulihitaji wanaume wanne, na wote walikuwa wa ukoo, kwa hiyo walinishika miguu tu na kukwepa kihenge kama moto. Kitenge kilibaki juu kimepasuka pindo. Nilisimama uani na gauni la ndani na kofia ya marehemu.

Hukumu ilitolewa hapo hapo na Baba Mbeleje. Mwizi amekiri. Kitenge kinazuiliwa kuwa hongo, mpaka mwizi atakapoleta uwele wa shamba lake mwenyewe. Halafu akaingia ndani akatoka na shati la marehemu, la kaki, wamelifunga mikono na shingo, ndani limejaa masuke. Akalibwaga miguuni pangu. "Na takataka zako uondoke nazo," alisema, macho yamejaa.

Watani hawashukuriani, kwa hiyo Mama Mbeleje alinisogelea, akanifunga kitenge chake cha maua mekundu kiunoni, akaninong'oneza, "Jizi kubwa wewe." Niliondoka penye watu nikaenda kulia nyuma ya jiko. Nililia kwa furaha, na kwa yule mzee ambaye sikupata kumjua, aliyechagua masuke mpaka mwisho.

Mchana huo walipanda mashamba yote, na jioni tulimla jogoo niliyemwiba. Nilikuwa nimepewa paja. Kabla sijaling'ata, mkono ukatokea juu ya bega langu, ukalichukua. Nikageuka. Mchungaji alikuwa ameshalitia mdomoni.

"Hongo, mama," alisema.

Manyoni mpaka Tabora

Kurudi nilipakata shati lile kwenye treni. Kosa langu lilikuwa kumjibu mzee mmoja aliyeuliza nimebeba nini. Niliposema mbegu ya uwele, behewa zima lilikohoa. Kila mtu ni mkulima siku hizo, na kila mtu mahindi yake yalikuwa yamekauka. Mzee akasema bibi yake alikuwa anaulima kabla ya mahindi kuwa fasheni; nikampa suke moja. Mama wa pili akasema amelala njaa, nikampa. Wa tatu akanyoosha mkono bila hata hadithi. Nikaona mpaka Igalula nitabaki na shati tupu.

Kituo kilichofuata walipanda wapya, nao wakauliza. Nikawaambia, "Nguo za marehemu." Si uongo. Wakasogea mbali wote, nikabaki na kiti kizima kwa mara ya pili katika safari moja.

Nyumbani

Baba Kulwa alinikuta nimeshaanza kupura. Alichukua jembe akanitangulia shambani, akafukua mashimo kwa hasira, na mimi nikafuata nikitia mbegu. Wajukuu walifukia kwa miguu. Siku tatu hakutaja neno uwele, aliuita "hicho kitu chako."

Mvua ilitusalimia tena mara chache, ikaondoka kama kawaida yake. Mahindi ya jirani yalijikunja. Uwele nao ulikunja majani, ukangoja, ukayafunua tena ilipopita wingu. Baba Kulwa alianza kupita huko kila asubuhi, akidai anatafuta jembe lake. Masuke yalipotoka aliacha hata kulitaja jembe. Na siku moja mezani, bila mtu kumuuliza, alisema Kahama ni mbali sana kwa watoto wadogo.

Halafu ndege wakaja. Wamekuja wengi, wadogo wadogo, wanatua kwa pamoja na suke linainama. Asubuhi ya leo niliamka sikumkuta kitandani. Nikatoka. Alikuwa katikati ya uwele, wajukuu wamemfuata na madebe, anapiga debe lake na kurusha mawe, ameloa umande mpaka kiunoni. Mume wangu, mla mahindi. "Tokeni!" alikuwa anapiga kelele. "Hiki ni chakula cha watu! Nendeni Ugogo!"

Nikachukua simu nikampigia Mama Mbeleje. Safari hii alipokea. Niliielekeza simu shambani ili amsikie mwenyewe. Akasikiliza, na nyuma yake nikasikia madebe mengine yanalia, na sauti ya Baba Mbeleje.

"Mwambie na sisi tumeamka," alisema Mama Mbeleje. "Tunawafukuza waje huko kwenu."